Jenerali anaruka ukuta, lakini nyonga zake nani kaziona?

Shikamoo daktari,

Mimi ni mfugaji mdogo wa mbwa hapa Usa River, nje kidogo ya Arusha. Nina jike wa German Shepherd anayeitwa Nyota, ana miezi 19. Nilimnunua mwaka jana akiwa na wiki 8, kwa mtu wa Moshi, laki tano taslimu, bila karatasi yoyote zaidi ya kadi ya chanjo. Ni mbwa mtulivu, anapenda watoto, na usiku hakuna anayesogea getini.

Nimepatana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ana dume liitwalo Jenerali. Lina miaka 5, kifua kama pipa, na watu wanatoka hadi Babati kuja kupandisha kwake. Mapatano yetu ni yale ya siku zote: simlipi pesa, ila watoto wakizaliwa yeye anachagua mmoja kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyota anatarajiwa kuingia joto wiki mbili zijazo. Watu watatu wameshanipa kishika nafasi cha laki moja moja, na hizo hela zimeshaingia kwenye mabati ya banda jipya.

Mteja wa nne ni mama mmoja wa Dar es Salaam. Huyo hakuuliza bei. Aliuliza, "Wazazi wamepigwa picha za nyonga na viwiko?" Nilidhani ananitania, nikamjibu kwamba mbwa wangu wazima. Akasema asante, nikishakuwa na picha nimtafute.

Nilipomsimulia shemeji, kwanza alicheka, halafu akanuna. "Jenerali anaruka ukuta wa futi sita, leo wewe unataka kumlaza kitandani kama mgonjwa? Unaitangazia mji mzima kwamba mbwa wangu mbovu?" Tangu siku hiyo hapokei simu zangu vizuri, na mke wangu ananiambia niache kuleta mambo ya Wazungu kwenye familia.

Ningeacha kweli, daktari, ila mambo mawili yananinyima usingizi. Kijana mmoja wa Jenerali, wa uzao wa mwaka juzi, yuko Tengeru na anaburuta miguu ya nyuma. Shemeji anasema aligongwa na gari. Mwenye mbwa anasema gari hilo hajaliona. La pili ni Nyota mwenyewe. Asubuhi anainua mbele, anatulia kidogo, ndipo nyuma inafuata. Akikimbia anarusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, mpaka wanangu wamembatiza jina la Sungura. Mwezi uliopita mke wangu alimpa nusu kidonge cha diklofenaki akachangamka siku nzima. Na kalsiamu ya unga nimempa tangu mdogo, kwa hiyo mifupa haiwezi kuwa tatizo.

Je, hizo picha ni lazima kweli, au mtu mzoefu anaweza kutambua kwa macho? Na nimwambie nini shemeji?

Mwenye Nyota, Usa River

*

Marahaba, Mwenye Nyota.

Kabla ya yote, kidonge kile kisirudiwe. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za binadamu; kwa mbwa huchubua tumbo hadi kutoa damu na huharibu figo, na kipimo kinachomdhuru ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ukiona anatapika, au kinyesi kimekuwa cheusi kama lami, usingoje jibu la gazeti, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Dawa za maumivu za mbwa zipo, na daktari wa mifugo ndiye wa kuzipima kulingana na uzito wake.

Ila mke wako amekupa habari bila kukusudia. Mbwa akichangamka kwa dawa ya maumivu, maana yake alikuwa na maumivu.

Sasa tumtazame Nyota. Kunyanyuka kwa awamu na kukimbia kisungura ni dalili mbili ambazo daktari yeyote akizisikia kwa German Shepherd mchanga, wazo la kwanza linakwenda kwenye nyonga. Si uthibitisho. Homa ya kupe nayo huvimbisha maungio, na huko kwenu kupe hawana likizo, kwa hiyo atapimwa damu pia. Lakini leo jioni fanya jambo moja. Msimamishe, simama nyuma yake, mshike mapaja yote mawili kwa viganja, halafu mshike mabega. Mbwa mwenye nyonga zinazouma huhamishia uzito mbele taratibu, mwezi baada ya mwezi, bila kuchechemea hata siku moja. Mabega yanajaa, mapaja yanakonda. Watu wakimwona wanasifu kifua. Nilipolisoma lile neno lako, "kifua kama pipa", nililirudia mara mbili. Huenda ndivyo Jenerali alivyoumbwa. Huenda pia kifua kinabeba kazi ya nyuma. Kwa macho siwezi kukwambia, wala wewe huwezi, wala shemeji.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Nyonga ni mpira ndani ya kikombe: kichwa cha fupa la paja kinakaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Iliyo nzima ni chungwa ndani ya kikombe cha chai, limezama na halina pa kwenda. Iliyo mbovu ni chungwa juu ya kisosi. Mtoto wa mbwa huzaliwa na nyonga zinazoonekana sawa. Wale wenye urithi mbaya, kano zao hulegea wakati wanakua, kichwa cha paja kinachezacheza, kikombe kinatandazika, gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, linalika, na mwili unajaribu kuzuia mchezo huo kwa kuota mifupa ya ziada pembeni. Hapo ndipo baridi yabisi inapoingia. Mbwa mwenye misuli mizuri anaweza kuishi na kisosi hicho miaka mingi akiruka kuta za watu, kwa sababu misuli ndiyo inayoshikilia. Akizeeka misuli ikilegea, ndipo mwenye mbwa anasema "amepatwa na miguu ghafla". Wakati huo ameshazaa mara sita.

Daktari Gerry Schnelle wa Boston alieleza tatizo hili kwa mbwa mwaka 1935, kwa kutumia picha za eksirei. Baadaye tajiri mmoja wa Marekani, John Olin, ambaye familia yake ilikuwa na kampuni ya risasi, alikuta Labrador wake wa kuwindia, mbwa wa gharama waliochaguliwa kwa uangalifu wote, wana nyonga mbovu. Kutokana na kisa chake ikazaliwa OFA, mwaka 1966, taasisi inayosoma picha za nyonga na kuzipa daraja. Kwa hiyo ukiambiwa mbwa wa bei hawana shida hii, kumbuka aliyeanzisha upimaji alikuwa na mbwa wa bei.

Mke wako anayaita mambo ya Wazungu. Mwambie German Shepherd naye ni jambo la Wazungu. Huwezi kuchukua mbwa ukaacha kitabu chake cha matunzo. Wajerumani wenyewe, kupitia SV, chama chao cha German Shepherd kilichoanzishwa 1899, hawampi mbwa kibali cha ukaguzi wa kuzalishia kama hana matokeo ya nyonga na viwiko.

Picha hupigwaje? Nakueleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapotapeliwa au wanapojitapeli wenyewe. Mbwa anachomwa dawa ya usingizi, maana akiwa macho hukaza misuli na nyonga legevu inaonekana imekaza. Analazwa chali ndani ya kitanda chenye umbo la mfereji ili kifua kisipinduke. Miguu ya nyuma inavutwa moja kwa moja nyuma, ikiwa sambamba, kisha inazungushwa kwa ndani mpaka vifuniko vya magoti vitazame juu, katikati kabisa. Kiuno kikipinda kidogo tu upande mmoja, nyonga moja itaonekana nzuri kuliko ilivyo na nyingine mbaya kuliko ilivyo. Kwa hiyo usikubali picha uliyopigiwa mbwa akiwa ameshikwa na vijana wawili huku anahangaika. Na kabla hamjashuka mezani, akiwa bado amelala, vipigwe viwiko vyote viwili. Kiwiko nacho kina ubovu wake wa kurithi, na kwa German Shepherd kuna kipande cha mfupa wa kiwiko ambacho kinapaswa kuwa kimeungana anapofikisha takriban wiki 20. Kwa wengine hakiungani kabisa. Dawa ya usingizi ni ileile moja, kwa nini umlaze mara mbili?

Hakikisha jina la mbwa, tarehe na namba ya chipu (kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa) vimo ndani ya picha yenyewe, siyo kwa kalamu juu ya bahasha. Picha isiyojulikana ni ya mbwa gani haina thamani, na katika biashara hii picha ya mbwa mmoja imeshawahi kuuza watoto wa mbwa kumi.

Kusoma picha ni fani. OFA hupokea picha hata kutoka nje ya Marekani; huzigawa katika madaraja saba, matatu ya juu yakihesabiwa kuwa nyonga nzima, na cheti cha kudumu hakitolewi kabla ya miezi 24. Uingereza wanatoa alama kuanzia miezi 12: kila nyonga kutoka 0 hadi 53, jumla 106, na hapa tofauti na mtihani wa shule, mwenye alama ndogo ndiye aliyefaulu. Viwiko ni 0 hadi 3, na mbwa wa kuzalishia tunamtaka mwenye 0. Kuna pia njia ya PennHIP, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, inayopima ulegevu wenyewe, hata kwa mtoto wa wiki 16, lakini hufanywa na daktari aliyefunzwa njia hiyo tu.

Piga simu kabla ya kufunga safari, uulize mambo mawili: mashine inafanya kazi, na nani atakayemlaza mbwa. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni mahali pa kuanza kuulizia. Nairobi kwako ni karibu zaidi, lakini mpakani mbwa anahitaji cheti cha afya, chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo muda wake haujaisha, na kibali. Usimfiche chini ya kiti.

Kalenda yako sasa. Joto hili la wiki mbili zijazo liache lipite. Mfungie Nyota, na Jenerali asisogee. Wala usimpige picha wakati wa joto, kwa kuwa homoni za wakati huo zinaweza kulegeza maungio na kukudanganya. Subiri kama mwezi mmoja baada ya joto kuisha. Kama ingekuwa ni kwa ajili ya cheti tu, ningekwambia ungoje afike miezi 24. Kwa kuwa ana dalili, usingoje. Picha hiyo ikionyesha ubovu, imekwisha: nyonga mbovu ya miezi 21 haitakuwa nzuri ya miezi 24. Ikionekana safi, utarudia akitimiza miaka miwili, na joto linalofuata, takriban miezi sita kutoka sasa, litamkuta ana miezi 25 hivi na karatasi mkononi. Hujapoteza kitu zaidi ya haraka.

Akikutwa na nyonga mbovu, msizalishe, hata mara moja "kurudisha hela". Mtoe kizazi, mweke mwembamba, asitembezwe kwenye vigae vinavyoteleza, apate matembezi ya kila siku badala ya mbio za Jumapili. Nyota atabaki mlinzi mzuri na rafiki wa wanao. Hakuajiriwa kuzaa.

Wakitoka safi wote wawili, bado kuna neno. Ingekuwa mtoto wa nyoka ni nyoka moja kwa moja, kazi ingekuwa rahisi: tungetazama wazazi basi. Nyonga hurithiwa kupitia vinasaba vingi kwa pamoja, na wazazi wawili wazuri wanaweza kuzaa mtoto mbovu, ingawa mara chache kuliko wazazi wawili wabovu. Ndiyo maana mfugaji makini anauliza ndugu wa tumbo moja wako wapi, wanatembeaje, na watoto waliokwishazaliwa wakoje. Jenerali ana watoto hadi Babati. Hiyo ni hazina ya taarifa kuliko picha yake peke yake, kama mtu atakuwa na moyo wa kuzunguka na kuwatazama.

Kalsiamu acha, na kwa watoto watakaozaliwa usithubutu. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa hana uwezo mzuri wa kukataa kalsiamu inayozidi; inaingia nyingi kuliko anayohitaji, na mifupa inakua kombo. Tatizo la pili ni unene. Wanunuzi wetu wanapenda mtoto wa mbwa aliyejaa kama mtungi, na wafugaji tunawapa wanachopenda. Marekani walichukua watoto 48 wa Labrador, wakawapanga jozi jozi, mmoja wa kila jozi akawa anakula robo pungufu ya mwenzake maisha yake yote. Waliokula pungufu walipata ugonjwa mdogo zaidi wa nyonga na waliishi karibu miaka miwili zaidi. Urithi uleule, sufuria tofauti. Na huko Norway, waliofuatilia mbwa wa aina kubwa waliona kwamba watoto waliopanda ngazi kabla ya miezi mitatu walikuwa na hatari zaidi, na waliocheza nje kwenye ardhi laini walikuwa na hatari ndogo. Banda lako jipya lenye mabati, natumaini lina uwanja wa nyasi mbele, siyo saruji tupu.

Wale watatu waliokupa laki moja moja, wapigie wiki hii. Waambie kupandisha kumeahirishwa kwa ajili ya vipimo, anayetaka hela yake utamrudishia kwa awamu, anayetaka kusubiri asubiri. Usiwaache wasikie kutoka kwa mtu mwingine.

Haya, shemeji. Nadhani ulikosea mlango. Ulianza na mbwa wake, akasikia unasema dume lake bovu, na dume la mtu ni jina la mtu. Anza na Nyota. Mwambie, "Shemeji, jike langu halinyanyuki vizuri, nataka kulipeleka kupimwa, naomba unisindikize." Hilo hawezi kulikataa, na hapo si mshtakiwa, ni shahidi. Akifika akaona mbwa amelazwa chali dakika chache na kuamka akitikisa mkia, akaonyeshwa chungwa na kisosi kwa macho yake, nusu ya ubishi wake itabaki hukohuko kliniki. Gharama ya picha ya Jenerali jitolee kulipa wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayehitaji karatasi. Akikataa bado, tafuta dume lingine, na usimgombeze. Umwambie tu kwamba wateja wako sasa wanauliza. Yule mama wa Dar hatakuwa wa mwisho.

Nimebakiza yule kijana wa Tengeru. Mfuate mwenye mbwa, mkubaliane apigwe picha, na ikiwezekana wewe na shemeji mchangie gharama. Gari huacha alama zake: mfupa uliovunjika na kuunga vibaya, au nyonga moja iliyochomoka wakati ya pili nzima. Ubovu wa kurithi kwa kawaida unakaa pande zote mbili, vikombe vyote vimetandazika, mifupa ya ziada imeota pembeni. Shemeji anasema ni gari. Picha ya Tengeru inaweza kumtetea Jenerali kuliko ukuta wa futi sita, na ukimweleza hivyo nadhani safari hii simu ataipokea.